Elfu Kumi na Mbili ya Kijana: Uchambuzi wa Kisa cha Mgao wa Ujira Mahakama ya Ndizi

Fuso limeingia soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, Dar es Salaam, saa kumi na moja alfajiri na mikungu 320 ya ndizi kutoka Tukuyu. Tajiri wa mzigo anataka gari liwe tupu kabla ya saa mbili, maana wachuuzi wa mitaani wakishatawanyika bei inashuka. Anapatana na mbeba mizigo mmoja mzoefu: gari zima shilingi 40,000, na mwenzake atamtafuta mwenyewe. Mzoefu anamchukua kijana mwenye wiki ya tatu sokoni. Wakiwa wanakunywa chai kwa mama ntilie anamwambia, "Dogo, gari ni elfu arobaini, tunapiga nusu kwa nusu." Mama ntilie anasikia. Utingo wa lile fuso, aliyekaa benchi hilohilo, naye anasikia.

Saa mbili kasorobo kazi imekwisha, na kila mmoja amebeba karibu sawa na mwenzake. Tajiri anamkabidhi mzoefu noti nne za elfu kumi. Mzoefu anachenji noti moja, anamhesabia kijana 12,000, na 28,000 zinaingia mfukoni mwake. Kijana anaziangalia zile hela, kata bado iko kichwani. "Kaka, si tulisema nusu?" Jibu linakuja bila kusita: "Gari nimelishika mimi. Bila mimi leo ungelala njaa."

Walioona na kusikia ni watu saba: mama ntilie, utingo, bodaboda wawili, wabeba mizigo wengine wawili, na tajiri mwenyewe aliyesimama hatua chache pembeni. Kisa tumekiunda kwa ajili ya uchambuzi huu, hakimhusu mtu fulani. Tunachochambua si mgawaji wala mgawiwa, bali wale saba: kila mmoja alifanya nini, kwa nini, na kilichofanywa kilimsaidia kijana kwa kiasi gani tukihesabu kwa shilingi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu watazamaji wengi huharibu hapo kabla hawajafungua mdomo. Mzoefu hakuwa mwongo kwa kila kitu. Usiku alimtumia 2,000 kwa simu mtu aliyemtonya kwamba gari liko Kibaha linaingia. Hiyo ni gharama halali ya kazi, na itoke kwanza. Inabaki 38,000, nusu yake ni 19,000. Kwa makubaliano ya asubuhi, basi, kijana alistahili 19,000, amepewa 12,000, amedhulumiwa 7,000. Si 8,000 kama alivyodhani mwenyewe. Tofauti ya elfu moja inaonekana ndogo, lakini mtetezi akidai 8,000 mzoefu atatoa simu, ataonyesha ujumbe wa muamala, na mtetezi ndiye ataonekana mwongo.

Kuna jambo lingine la kuangalia hapo. Mgao usio sawa si lazima uwe dhuluma. Kama asubuhi mzoefu angesema, "Nakupa elfu kumi na mbili, unataka hutaki," na kijana akakubali, kesi ingekuwa nyingine kabisa. Tungezungumzia bei ya kibarua, si kuvunja ahadi. Uzito wote wa kisa hiki uko kwenye maneno matatu, "nusu kwa nusu", na kwenye watu wawili walioyasikia. Watazamaji wengine watano waliona noti tu. Kwa hiyo waliona tofauti ya 28,000 na 12,000, hawakuona ahadi. Hasira yao inaweza kuwa sahihi, ila hawana cha kuisimamisha.

Ukimya ulidumu kama nusu dakika. Mtu akisikia kisa hiki husema haraka kwamba watu wa mjini wana roho ngumu. Sisi hatukubaliani. Ernst Fehr na Urs Fischbacher walichapisha mwaka 2004 jaribio ambalo linafanana sana na benchi la mama ntilie. Mtu wa kwanza anapewa pointi 100 na uhuru wa kumgawia wa pili kiasi anachotaka. Wa pili hana kitu wala sauti. Wa tatu ana pointi zake 50 na anatazama. Kila pointi moja anayoitoa kwenye akiba yake inamkata mgawaji pointi tatu. Akikaa kimya anaondoka na 50 zake zote. Hata hivyo, mgao uliposhuka chini ya nusu, karibu watu 60 katika kila 100 walitoa chao ili mgawaji akatwe, na mgao ulivyozidi kuwa mdogo adhabu nayo ilizidi. Watu wasiojuana, wasiodaiana, walilipa kwa ajili ya haki ya mtu mwingine. Mgao wa kijana wetu ni 30 kwa 100. Kwa kipimo hicho, watu wanne katika wale saba wangeshamkata mzoefu.

Mbona hawakufanya hivyo? Kwa sababu katika jaribio mtazamaji anajua bei ya kuingilia: pointi tano ni pointi tano, na kesho hatakutana na mgawaji. Sokoni bei hiyo haijulikani, na kesho saa kumi na moja alfajiri watu ni walewale. Wale wabeba mizigo wawili ndio mfano mzuri. Mzoefu ndiye anayetonywa magari. Akiwaita mara mbili kwa wiki, hata kwa mgao mbaya wa 12,000, hiyo ni 24,000 kwa wiki, karibu laki moja kwa mwezi. Kumsemea kijana wasiyemjua kwa ajili ya 7,000 kunaweza kuwagharimu hiyo laki. Wakageuka, mmoja akaanza kukunja kata yake upya kana kwamba imelegea. Si kwamba hawakuona, walikuwa wanahesabu.

Bodaboda hawana hesabu hiyo. Hawategemei magari ya ndizi, wanategemea abiria. Kwa hiyo sauti ya kwanza ilitoka kwao, na ndiyo iliyokaribia kuharibu kila kitu: "Huo wizi! Mwizi wewe, unamla mtoto wa watu!"

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo watetezi wenye nia njema wanapokosea zaidi katika jiji hili. Neno "mwizi" likipazwa mahali penye watu wengi Dar es Salaam linaita watu wasiojua chochote kuhusu nusu kwa nusu. Wanakuja kupiga. Kila msomaji wa magazeti yetu anayajua maneno "wananchi wenye hasira kali" na anajua sentensi yake huishaje. Ugomvi wa 7,000 hauna haki ya kufika huko, na anayepaza neno hilo hawezi kulirudisha likishatoka. Mtu aliyevunja makubaliano ya mgao aitwe kwa kosa lake: hujatimiza mlichopatana. Basi.

Hata pale ambapo hapigwi mtu, neno hilo linabadilisha kinachogombaniwa. Kabla ya kelele, mzoefu alikuwa na jambo moja la kujibu: hela. Baada ya kelele ana jambo la kutetea: jina lake mbele ya soko. Akirudisha hela sasa, amekiri kuwa mwizi. Akainua sauti, akavua shati, na wale wabeba mizigo wawili waliokuwa wamegeuka wakasogea upande wake, kwa kuwa aliyetukanwa ni mwenzao wa kazi na anayetukana ni mtu wa pikipiki. Kijana, aliyekuwa akidai kwa sauti ya chini, akanyoosha mikono: "Jamani, yaishe. Yaishe tu."

Watazamaji wengi husikia "yaishe" wakadhani mwenye haki ameridhika. Hajaridhika. Anatangaza kwamba gharama ya kuendelea kutetewa imezidi 7,000. Kuna utafiti wa Oriel FeldmanHall na wenzake, wa mwaka 2014, unaoangalia hali hii kwa karibu: watu waliopunjwa wao wenyewe, wakipewa nafasi ya kuchagua, walipendelea kufidiwa kuliko kumwadhibu aliyewapunja, lakini walipoamua kwa niaba ya mtu mwingine aliyepunjwa, wakaelekea zaidi kwenye adhabu. Bodaboda alitaka mzoefu aaibike. Kijana alitaka elfu saba na kuitwa tena kesho. Mtetezi asipotofautisha mambo hayo mawili anaweza kushinda ugomvi wake mwenyewe huku kijana akirudi chumbani na 12,000 zilezile na adui mpya.

Kosa linalofanana na hilo, ingawa ni la upole zaidi, ni kumuuliza kijana hadharani, "Umeridhika?" Bodaboda wa pili aliuliza hivyo, kwa nia njema. Mbele ya mzoefu, mbele ya tajiri, mgeni wa wiki tatu ana jibu moja tu: ndiyo, nimeridhika. Akishalitoa, mlango umefungwa, na mzoefu atalitumia jibu hilo kama risiti. Swali hilo ulizia pembeni, au usiulize.

Tajiri naye alifanya jambo. Aliona, akamwonea huruma kijana, akakata chana mbili za ndizi akampa, na utingo akaongezea noti ya elfu moja. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli na hatuibezi. Lakini itazame inavyofanya kazi. Fidia imetoka kwa watu wasio na deni, na mwenye deni akaidaka papo hapo: "Si umeshapewa? Unataka nini tena?" Deni la 7,000 likageuka mbele ya macho ya watu kuwa sadaka iliyokwisha kupokelewa. Zaidi ya hapo, tajiri alikuwa na uwezo ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Sentensi moja, "Mimi nililipia watu wawili," ingetosha. Alichagua ndizi kwa sababu ndizi hazigombani na mtu. Ukitaka kumpa mtu aliyedhulumiwa kitu, mpe baada ya dai lake kusemwa, na useme wazi kwamba ulichompa hakihusiani na hesabu ile. Mpangilio huo unaamua kama umemsaidia aliyedhulumiwa au aliyemdhulumu.

Sasa mama ntilie. Alikuwa na sababu ya kunyamaza kuliko wengi: mzoefu ni mteja wake wa kila siku na kwenye daftari anadaiwa 9,000. Akimkasirisha, atahamia benchi lingine na deni likahama naye. Lakini alikuwa na vitu vitatu ambavyo wengine hawakuwa navyo kwa pamoja. Aliyasikia makubaliano. Si mshindani wa mtu kwenye kazi ya kubeba. Na ana umri ambao kijana wa soko hawezi kuujibu vibaya bila kujivunjia heshima.

Alisubiri kelele za bodaboda zipungue, akachukua kikombe cha mzoefu akakijaza chai, ndipo akauliza kwa sauti ya mazungumzo: "Mwanangu, asubuhi hapa si mlisema nusu kwa nusu? Au mimi nilisikia vibaya?"

Ukilipima neno kwa neno utaona kazi iliyomo. Hakumwambia amefanya nini; amemrudisha kwenye maneno yake mwenyewe. "Si mlisema" imewataja wote wawili, kwa hiyo kijana hakusimamishwa peke yake kama mlalamikaji. "Au nilisikia vibaya" imemwachia mzoefu mlango wa kutokea: anaweza kusema alisahau, anaweza kutaja gharama. Na swali limeulizwa mbele ya utingo, aliyesikia pia. Utingo, aliyekuwa kimya mpaka hapo, akasema, "Hata mimi nilisikia, mama." Alikuwa nayo sentensi hiyo tangu mwanzo. Alichokosa ni mtu wa kuitangulia.

Hili la nani anatangulia limechunguzwa sana. John Darley na Bibb Latané walionyesha mwaka 1968 kwamba mtu aliyeamini ni yeye peke yake anayesikia mwenzake akipatwa na kifafa alitoka kusaidia katika hali 85 kwa 100. Alipoamini kuna wengine wanne wanaosikia, ilishuka mpaka 31. Watu wengi wamebaki na hilo tu, kwamba umati hufanya watu wawe baridi. Lakini Richard Philpot na wenzake walipotazama picha za kamera za ulinzi za ugomvi 219 wa barabarani huko Amsterdam, Lancaster na Cape Town, katika tisa kati ya kila kumi mtu mmoja au zaidi aliingilia, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa kupatikana angalau mmoja ulivyoongezeka. Matokeo hayo mawili hayapingani. Kila mtu peke yake anaweza kusita zaidi kukiwa na wengi, na bado katika wengi akapatikana wa kwanza. Akishapatikana, bei ya wa pili inashuka. Utingo alilipa karibu bure kwa sentensi ambayo dakika tano kabla ingemgharimu.

Mzoefu akajitetea kwa ile 2,000 ya simu. Mama ntilie hakubisha, alisema ionyeshwe, ikaonyeshwa. Kukubali gharama iliyothibitishwa kulifanya maneno mengine yote ya mama yaonekane ya haki, na mzoefu akabaki hana hoja nyingine zaidi ya "gari nimelishika mimi". Hoja hiyo ina uzito kidogo, tukubali. Kupata kazi nako ni kazi. Ila ilipaswa kusemwa asubuhi, kabla ya mkungu wa kwanza. Baada ya mkungu wa 320 imechelewa.

Akatoa 5,000. "Shika, dogo, tusisumbuane." Kijana akapokea, jumla 17,000. Ilibaki 2,000. Mama ntilie hakuifuata, na tunaona alikuwa sahihi. Mzoefu alikuwa ameshatoa hadharani. Kumsukuma kwa elfu mbili za mwisho kungemrudisha kwenye kutetea jina. Tunakubali pia kwamba elfu mbili hiyo ni jasho la mtu, na hatutaiita ndogo.

Je, angefanikiwa zaidi kwa kuwahi? Ndiyo, na hapa tuna hakika. Wakati mwafaka ulikuwa ule wa kuchenji noti. Hela ikiwa bado mkononi, swali la mama lingekuwa kumbukumbu tu: "Nusu kwa nusu, siyo?" Ikishaingia mfukoni, swali lilelile linamtaka mtu aitoe alichokwisha kukiita chake. Anayejua makubaliano akae macho pale malipo yanapokabidhiwa.

Ambaye hakusikia makubaliano anaweza kufanya kitu pia, ila si kuhukumu. Anauliza, "Mlipatana vipi?" na anawauliza wote wawili. Akijibiwa tofauti, anauliza nani alikuwepo. Ikishindikana hapo, uongozi wa soko au mjumbe wa mtaa ndio hatua inayofuata, na mtu aende na mambo manne tu: kiasi kilicholipwa, idadi ya watu, makubaliano yaliyotajwa na jina la aliyeyasikia. Malalamiko ya "amenidhulumu sana" bila tarakimu hayafiki mbali kwa kiongozi yeyote.

Na wale wabeba mizigo wawili walionyamaza? Kazi yao ya utazamaji haikuisha siku hiyo. Mtazamaji ana adhabu nyingine isiyo na kelele: kuchagua atakayefanya naye kazi kesho. Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliwapa wanafunzi, mwaka 1986, uchaguzi wa kugawana nusu kwa nusu dola 12 na mtu aliyempunja mwingine, au dola 10 na mtu aliyegawa sawa. Wanafunzi 74 kwa 100 walikwenda kwa mwenye haki na kupoteza dola moja. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, waliokuwa miongoni mwa jamii zilizofanyiwa jaribio la adhabu ya mtu wa tatu na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2006, waliadhibu kwa kiwango kidogo. Lakini kwa desturi yao asiyeelewana na wenzake kambini anaweza kuhamia kambi nyingine, na kuondoka huko ni jibu tosha. Sokoni hakuna kambi ya kuhamia kirahisi, ila kuna fuso la pili na la tatu. Mbeba mizigo anayeitwa na watu wawili asubuhi moja anaweza kwenda kwa yule anayegawa vizuri bila kueleza sababu, na habari hiyo hufika yenyewe.

Kinachopunguza kazi ya watazamaji wote ni kupatana kwa namna ambayo haihitaji ushujaa wa mtu baadaye. Tajiri alipe kila mmoja mkononi, au atume kwa simu namba mbili tofauti. Makato ya kutuma mara mbili ni madogo kuliko ugomvi. Asipotaka, basi aliyeshika kazi aseme mbele ya watu, kabla kata haijawekwa kichwani: mikungu mingapi, hela ngapi, watu wangapi, gharama ipi inatoka kwanza, na kama anataka cha juu kwa kutafuta gari, ni shilingi ngapi. Akisema 4,000 na kijana akakubali, hiyo si dhuluma, ni bei.

Siku ya nne yake fuso lingine liliingia, mikungu 290. Mzoefu alimwita kijana tena. Kijana alikwenda mpaka benchi la mama ntilie, akaagiza chai na chapati mbili, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa bodaboda, "Kaka, leo tunagawana vipi?"